Kumbukumbu ya kinanda na betri yake

Ndugu msomaji, juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari za jokofu linalovuja maji. Jokofu litangoja. Jambo lililotokea jirani na nyumbani kwangu, hapa Ruziba, ni la haraka zaidi, na nina hakika kwamba katika nyumba nyingi za askari wetu kuna kinanda cha umeme kilichofunikwa kitambaa, kikisubiri balaa lile lile.

Alhamisi jioni, nilikuwa nimerudi kazini wala sijavua viatu, nikasikia hodi. Alikuwa mama mmoja mjane auzaye ndagala sokoni, upande wa barabara iendayo Rumonge. Marehemu mumewe alikuwa askari, na kwa miaka mingi alipiga kinanda katika bendi ya kikosi chake. Mimi niliacha chaki zamani, siku hizi kazi yangu ni ya mafaili, lakini mtaani hawajaniondolea jina la mwalimu.

"Mwalimu," akaniambia baada ya salamu, "hivi sauti nazo hufa?"

Nikamkaribisha kiti, akanieleza. Mwanawe, askari polisi wa kituo cha Gitega, alikuwa amekuja likizo. Amefungua kinanda cha baba yake akakiona kina kasoro tatu. Kwanza, sauti zimekuwa kavu, hazina ule uzito wa kinanda kipya cha kanisani. Pili, akipiga wimbo wenye noti nyingi, baadhi ya noti hukatika katikati kama mtu aliyezibwa mdomo. Tatu, alipobonyeza kitufe cha kupima betri, kioo kimeandika volti 2.3, ilhali betri ya namna ile ikiwa mpya hupita kidogo volti 3. Kijana akahitimisha kwamba yote matatu ni ugonjwa mmoja wa betri, naye amekwisha kumwita fundi aje Jumamosi asubuhi aing'oe na kuweka nyingine.

"Sasa mwalimu, mle ndani mna sauti alizozitengeneza marehemu kwa mkono wake. Fundi akiigusa, zitabaki?"

Nikamjibu ukweli. Nilimwambia, "Mama, akiing'oa kama alivyokusudia, hazitabaki hata moja. Mwambie kijana asimruhusu mtu kufungua hata parafujo mpaka nije."

Kabla sijasimulia yaliyofuata, yafaa tuelewe chombo chenyewe, maana kijana yule hakuwa mjinga. Alichanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali, na wengi huyachanganya.

Kinanda hicho ni sintesaiza iitwayo Yamaha DX7, iliyoanza kuuzwa mwaka 1983. Marehemu alikinunua kikiwa kimekwisha kutumika, mjini Dar es Salaam, mwaka 1991. Neno sintesaiza lina maana ya chombo kinachounda sauti badala ya kuitoa katika uzi, ngozi au mwanzi. Ukichukua umuduri wetu, ule upinde wenye uzi mmoja na kibuyu, sauti inazaliwa pale pale uzi unapopigwa, na uzi ukikatika hakuna cha kukumbuka. Ndani ya DX7 hakuna uzi wala ulimi wa chuma kama wa ikembe. Kuna hesabu tu. Chipu zake hupiga hesabu upesi mno, majibu yakageuzwa kuwa umeme, na umeme huo ukasukuma kipaza sauti.

Hesabu zenyewe zina mwenyewe. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mwanamuziki John Chowning alikuwa akichezea mawimbi ya sauti katika kompyuta. Aligundua kwamba ukilifanya wimbi moja litikise kimo cha wimbi jingine, mwanzo utasikia sauti inayotetemeka kama ya mwimbaji mzee. Ukizidisha kasi ya mtikiso, sikio halisikii tena mtetemo, bali linasikia sauti mpya kabisa: kengele, tarumbeta, au kitu ambacho hakijapata kuwapo duniani. Alichapisha maelezo yake mwaka 1973, na kampuni ya Yamaha ya Japani ikanunua haki ya kuyatumia. Katika DX7 kila sauti huundwa na mawimbi 6 ya namna hiyo, nayo yaweza kupangwa kwa mipango 32 iliyo tofauti, hili likilitikisa lile, au yote yakiimba sambamba.

Hapa ndipo mama wa nyumbani atakapoelewa kwa urahisi kuliko mtaalamu. DX7 haihifadhi sauti. Inahifadhi mapishi. Mtu akikupa karatasi yenye kipimo cha mchele, mafuta, chumvi na dakika za motoni, hakukupa wali, lakini wewe waweza kuupika wali ule ule kila siku. Mapishi ya sauti moja ya DX7 ni namba 145, pamoja na jina lisilozidi herufi 10. Namba moja inasema wimbi la kwanza lipande kwa kasi gani, nyingine inasema lishuke vipi kidole kikiondoka, nyingine nguvu ya mtikiso, na kadhalika. Kinanda kinaweka mapishi 32 kwa wakati mmoja, na katriji inayochomekwa juu yake huweza kubeba mengine.

Marehemu alikuwa amejaza nafasi zote 32. Nyingine aliziacha kama zilivyotoka kiwandani, lakini kumi na tisa alizitengeneza mwenyewe, usiku, baada ya zamu, akiwa na vipaza sauti vya masikioni ili asiwaamshe watoto. Iko moja aliyoiita IKEMBE 2. Ikembe ya kwanza hakuipenda, kasema mkewe. Iko nyingine kioo kinaiandika RUZIBA ASU. Nilimwuliza mama maana yake, akacheka: ni Ruziba Asubuhi, ila nafasi za herufi zilimwishia.

Watu wanaozaliwa siku hizi huona kumbukumbu ya kinanda ni jambo la kawaida, kama vile sahani kuwa na kina. Haikuwa hivyo. Sintesaiza ndogo ya Moog iliyotoka mwaka 1970 haikukumbuka lolote. Mpigaji alizungusha vifundo mpaka apate sauti anayoitaka, na akitaka nyingine kwa wimbo ufuatao, alianza upya mbele ya watu. Walioona mbali walichora mahali pa kila kifundo katika daftari. Mwaka 1978 ilitoka Prophet-5 ya Marekani, yenye nafasi 40 za kuhifadhi sauti, na ndipo wapigaji walipoacha kutokwa jasho jukwaani.

Kumbukumbu ya DX7, hata hivyo, ni ya namna inayohitaji kulishwa umeme daima. Kinanda kikiwa kimezimwa, kinacholisha ni betri ndogo ya duara, kama sarafu, iliyolehemiwa ndani. Hula kidogo sana, ndiyo maana aghalabu hudumu miaka mingi, na kwa sababu hudumu miaka mingi watu husahau kwamba ipo. Hii ya marehemu ilibadilishwa mara ya mwisho mwaka 2004, yeye mwenyewe akiwa hai. Wakati huo alizirudisha sauti zake kwa vidole, namba baada ya namba, kutoka katika daftari la mraba alimoziandika. Alifariki mwaka 2009.

Daftari lipo, nimeliona. Lina mapishi kumi na moja. Kumi na moja kati ya kumi na tisa. Kurasa nyingine zilichanwa kufungia ndagala katika mwaka mmoja mgumu, na mama hakulificha hilo, wala sikuona sababu ya kumlaumu. RUZIBA ASU haimo.

Sasa turudi kwenye kasoro za kijana, tuanze na ukavu.

Sauti katika maisha yetu haifiki sikioni peke yake. Ukipiga kofi ukiwa umesimama mita 17 kutoka ukutani, sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, inakwenda na kurudi kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, nawe unasikia kofi la pili lililo hafifu. Huo ndio mwangwi. Kanisani kuta ni nyingi, na dari, na nguzo, kwa hiyo makofi hafifu ni maelfu, yanaungana yakawa kama moshi wa sauti. Sikio limezoea moshi huo. Ukiuondoa, sauti huonekana kavu na ya karibu mno, kama mtu anayekunong'oneza.

Chombo cha kidijitali hutengeneza mwangwi kwa kumbukumbu vilevile, ila kumbukumbu ya muda mfupi. Sauti hukatwa vipande. Katika vyombo vingi ni vipande 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipande ni namba. Tuseme unataka mwangwi wa nusu sekunde. Chombo hupanga visanduku 22,050 kwa duara. Kila kipande kipya huwekwa katika kisanduku kinachofuata, na duara likitimia kile cha zamani husomwa, hupunguzwa nguvu, na kuchanganywa na sauti ya sasa. Ukirudisha sehemu yake tena ndani ya duara, unapata mwangwi wa mwangwi, unaofifia pole pole. Kwa moshi wa kanisani, duara moja halitoshi. Manfred Schroeder, mwanafizikia aliyefanya kazi katika maabara ya Bell huko Marekani, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 namna ya kuunganisha maduara kadhaa yenye urefu usiolingana, ili marejeo yasigongane pamoja yakatoa mlio wa bati. Vyombo vilivyofuata vimejenga juu ya fikira hiyo.

Mapambo mengine ni ndugu wa hilo. Lile liitwalo korasi huchukua nakala ya sauti, huichelewesha sehemu 20 au 30 tu za elfu moja ya sekunde, na kuuyumbisha ucheleweshaji huo, hata ukadhani wanapiga wawili wasiolingana sawasawa. Wapiga filimbi wawili hawawezi kulingana kabisa hata wakitaka, na kwaya nzuri hupendeza kwa ajili ya hilo.

DX7 haina hata pambo moja la namna hiyo ndani yake. Haikuwahi kuwa nalo. Sintesaiza ya Roland D-50 iliyotoka mwaka 1987 ndiyo iliyowazoesha wapigaji kupata mwangwi na korasi ndani ya kinanda kile kile, na Korg M1 ya mwaka uliofuata ikakomelea msumari. Marehemu alikuwa na kisanduku cha nje cha mwangwi, kimeunganishwa kwa waya kati ya kinanda na kipaza sauti. Kilikwenda wapi? Kiliharibika, kikatupwa, na kijana alikuwa mtoto. Kwa hiyo ukavu si dalili ya kufa. Namba za mapishi hazichakai wala hazififii kama rangi ya kitenge, zipo zilivyoandikwa au zimeharibika kabisa. Kama IKEMBE 2 inalia kama ikembe, ni ile ile ya mwaka 1991.

Naomba niseme kidogo kuhusu mapambo haya katika ibada na harusi zetu. Mpigaji anayefungua mwangwi mpaka mwisho katika ukumbi ambao tayari una mwangwi wake, anawatilia watu chumvi katika chakula kilichokwisha kutiwa chumvi. Maneno ya wimbo hayasikiki tena. Ukumbi mtupu wa matofali hauhitaji msaada, hema la turubai ndilo linalohitaji.

Kasoro ya pili, noti kukatika, ni habari ya polifonia, yaani idadi ya noti ambazo chombo huweza kuzitoa kwa wakati mmoja. Tarumbeta ni noti moja. Ndiyo maana beni ya jeshi ina wapuliza tarumbeta kadhaa. Moog ndogo nayo ilikuwa noti moja. Prophet-5 ilikuwa na noti 5. DX7 ilikuja na 16, na kwa wakati wake watu walishangaa, kwani vidole vya binadamu ni kumi.

Mbona basi zikatike? Askari wataelewa. Chukua kamanda mwenye walinzi 16. Kila kibonyezo kinachobonyezwa ni lindo linaloombewa mlinzi mmoja. Kidole kikiondoka, mlinzi haondoki papo hapo. Anakaa mpaka sauti ifife kabisa, na kama mguu umekanyaga pedali, anakaa zaidi. Vidole vikaendelea, walinzi wote 16 wakawa kazini, na lindo la 17 likaomba mtu. Kamanda hawezi kuzaa mtu mpya. Anamwondoa mmoja mahali alipo, kwa kawaida aliyekaa muda mrefu kuliko wote, na kumpeleka lindo jipya. Noti aliyokuwa akiilinda inanyamaza ghafula. Mpigaji asiyejua husema kinanda kinakufa. Dawa yake ni kuinua mguu kwenye pedali kila mabadiliko ya kodi, basi. Baba alilijua hilo. Mwana amejifunza kwenye kinanda kipya cha kanisani, amezoea kukanyaga tu.

Tena wenye vinanda vipya wasijidai. Vinanda vidogo vya Yamaha vya siku hizi vinavyonunuliwa sana kwa ajili ya watoto huwa na noti 32, 48 au 64 kwa ukubwa wake. Hesabu hiyo ni ya jumla. Ukiweka sauti mbili juu ya kila kibonyezo, tuseme piano na fidla, kila noti inakula walinzi wawili, na 32 zimekuwa 16. Ukiwasha na ngoma, besi na gitaa za kujipiga zenyewe, hao nao wanakula chungu hicho hicho. Katika taarab ya kisasa ya Zanzibar na Dar es Salaam mtaona kwa nini jambo hili ni zito: mpiga kinanda mmoja amebebeshwa kazi ya safu nzima ya fidla na kanuni, huku akitakiwa kujibu sauti ya mwimbaji. Mfanyabiashara anayekusifia kinanda kwa kuwa kina sauti 600, mwulize kwanza zinalia ngapi kwa pamoja.

Basi ikabaki kasoro ya tatu, betri, na hiyo ilikuwa ya kweli.

Niliamua kwenda Ijumaa jioni. Nakiri kwamba nilikwenda na hofu ya dhambi ya zamani. Nikiwa katika chuo cha ualimu, kulikuwa na kinanda kidogo ambacho kwaya ilikuwa imekipangia sauti na mapigo ya nyimbo zote za sherehe ya kufunga mwaka. Usiku wa mechi nilizitoa betri zake nikaziweka katika redio yangu. Asubuhi nikazirudisha kwa siri, lakini kinanda kilikuwa kimesahau kila kitu, na watu wazima wakalia siku hiyo. Sikusema ni mimi. Ndiyo, nasema leo.

Njia ya kuokoa ni mbili. Ya kwanza ni katriji ya kuandikia, lakini hizo sasa ni adimu. Ya pili ni tundu la midi, lile la pini 5 lililo nyuma ya kinanda. Midi ni lugha ambayo kampuni zilikubaliana mwaka 1983 ili vinanda visemezane, na DX7 ilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kuwa nayo. Kwa lugha hiyo kinanda huweza kumwaga mapishi yake yote kwenda kwenye kompyuta. Mapishi 32 pamoja na anwani yake ni baiti 4,104. Ni kidogo mno. Sekunde moja tu ya sauti iliyorekodiwa kwa kiwango cha santuri ya CD, upande mmoja, ni baiti 88,200. Yaani kazi yote ya usiku wa mtu kwa miaka kumi na minane inaingia zaidi ya mara ishirini katika sekunde moja ya mlio wa ngoma.

Na kwa kuwa nimetaja ngoma, mniruhusu nitoke njiani kidogo, kwani ngoma zetu zina nafasi yao katika historia hii. Mwaka 1967 mafundi wa Ufaransa walirekodi muziki wa Burundi, zikiwamo ngoma za kifalme na ule uimbaji wa kunong'ona na inanga, na santuri yake ikatolewa na Ocora. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, alichukua mapigo hayo ya ngoma, akayazungusha yajirudie, akaweka juu yake sintesaiza ya Moog, katika wimbo uitwao The Jungle Line. Huo ulikuwa utepe, si kompyuta, lakini ndiyo njia ambayo vinanda vya sampuli vilikuja kuifuata: badala ya mapishi, wali wenyewe umewekwa ndani. Korg M1 ilikuwa na megabaiti 4 za sauti za namna hiyo. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu, miaka 47 baada ya rekodi ile.

Ijumaa ile tulifunga mlango, mama, kijana na mimi, pamoja na kompyuta ya mkononi ya ofisi ya parokia tuliyoazima, na waya wa midi wa bei nafuu. Kinanda kwanza lazima kiruhusiwe kutoa habari zake, kisha kinaagizwa kuzimwaga. Kazi nzima ni kiasi cha sekunde moja na theluthi. Tukabonyeza. Faili likaja. Kijana akashangilia, mimi nikatazama ukubwa wake: baiti 2,000 na kitu. Tukarudia. Safari hii 1,500. Waya ule ulikuwa unameza maneno marefu, ugonjwa unaojulikana wa nyaya za bei ya chini.

Mama hakusema kitu. Alikaa kwenye kigoda akishika lile daftari.

Saa mbili usiku umeme ukakatika mtaa mzima, na kinanda kikabaki na volti zake 2.3 gizani. Kijana alitaka kungoja na fundi hadi asubuhi, eti fundi amesema anaweza kubadilisha betri kinanda kikiwa kimewashwa ili kumbukumbu isikatike. Ndugu msomaji, asikudanganye mtu. Kufungua chombo chenye umeme wa ukutani na kuingiza chuma cha moto ndani yake ni kuhatarisha kumbukumbu na fundi kwa pamoja, na katika mtaa ambao umeme umetoka kukatika ni kujitafutia msiba. Tukamrudisha fundi kwa simu: aje Jumapili.

Jumamosi kijana alikwenda mjini akaazima kwa mpigaji mmoja kifaa cha midi kilicho imara zaidi. Saa kumi jioni tulibonyeza tena. Baiti 4,104. Tukamwaga mara ya pili na ya tatu, tukayalinganisha mafaili, yakawa sawa. Hata hapo sikuridhika. Kuna programu ya bure iitwayo Dexed, ambayo hupika kwa mapishi ya DX7 ndani ya kompyuta. Tukaifungulia faili, yakatokea majina yote 32 mstari kwa mstari. Kijana akachagua la ishirini na sita, RUZIBA ASU, akabonyeza kibonyezo kimoja.

Sauti ile sijui niielezeje. Inaanza kama kasia linalogusa maji, kisha inapanda. Mama aliinua mkono kijana asiendelee, mpaka noti imalizike yenyewe.

Tuliweka nakala katika kompyuta ile, katika kijiti cha kumbukumbu kilichofungwa ndani ya kopo la maziwa kabatini, na kwa dada yake aliyeko Kigoma. Jumapili baada ya ibada fundi alikuja, akachomoa waya wa umeme ukutani, akaing'oa betri ya mwaka 2004. Tulimtaka asilehemu nyingine moja kwa moja, bali alehemu kikalio ambamo betri huchomekwa, ili siku zijazo mtu abadilishe bila moto. Kinanda kilipowashwa, kioo kilijaa alama zisizo na maana, na kijana akashika kichwa. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Tukaifungua kinga ya kumbukumbu, ambayo usipoifungua kinanda hakipokei kitu, tukayarudisha mapishi. Volti zikasoma 3.1.

Kijana alipendekeza wanunue kisanduku cha mwangwi, ili sauti za baba zifanane na za kanisani. Mama alikataa. "Baba yako alizitengenezea hapa sebuleni," akasema, "na sebule yetu haina mwangwi."

Tarehe ya betri mpya tumeiandika kwa wino mzito chini ya kinanda. Mwenye kinanda cha aina hii na apime volti zake juma hili. Juma lijalo, jokofu.